UZI: Siku ya kwanza Kilimanjaro, geti la Marangu hadi Mandara, kwa sisi watu wa Mombasa

BintiKibokoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Kundi letu la Januari la kupanda mlima limeshajaa, na kila anipigiaye simu aniuliza usiku wa kilele: baridi yake, giza lake, ile picha ya kibao pale Uhuru. Siku ya kwanza hakuna anayeiuliza. Waiona ni matembezi ya msituni tu, na kweli njia yenyewe si ngumu. Lakini watu niliowaona wakirudishwa chini kutoka Horombo, kambi ya pili, wengi walianza kujiharibia kabla hatujafika Mandara, kambi ya kwanza. Kwa hivyo hapa twazungumza siku hiyo peke yake. Kilele kina nyuzi zake.

Sisi twaishi usawa wa bahari. Geti la Marangu liko mita 1,860 hivi, Mandara kama 2,720. Yaani usiku wa kwanza tu ushaipita Vuria, kilele cha juu kabisa cha milima ya Taita (mita 2,208), kwa mita mia tano. Na hapo mlima wenyewe bado haujaanza, maana Uhuru ni mita 5,895.

Hatuendi Mombasa hadi getini kwa siku moja. Twatoka asubuhi, Voi twakata kushoto, Mwatate, Maktau, Taveta, twavuka Holili, kisha Himo twapanda Marangu tukalale. Kuna wanaotaka tusafiri usiku ili kuokoa pesa ya malazi. Mimi sikubali. Aliyekesha kwenye basi aanza mlima kichwa chamuuma, na kiongozi hawezi kujua ni mlima au ni basi. Pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, iwe kwenye begi lako dogo, si kwenye mzigo wa mpagazi.

Getini mtangoja, tena sana. Kila mtu ajiandikisha kwenye daftari la hifadhi, kibali chakaguliwa, mizigo yapimwa. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20 kwa jumla, na humo mna vitu vyake mwenyewe, basi begi lako lisizidi kilo 15. Likizidi, litafunguliwa hapo hapo na nguo zako zikaonwe na kila mtu. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja haziingii hifadhini, leteni chupa za kujaza tena. Mwendo waweza kuanza saa tano, waweza kuanza saa saba. Muda huo kaa kivulini, kula, kunywa maji, nenda msalani. Hapa ndipo vijana huanza kuonyeshana nguvu, na ndipo nami huanza kuwaandika majina kichwani.

Mwendo sasa. Kiongozi yuko mbele, msaidizi wake afunga nyuma. Hakuna ampitaye wa mbele wala abakiaye nyuma ya wa mwisho. Na mtu mzito zaidi wa kutembea hatumweki mkiani, twamweka nyuma ya kiongozi moja kwa moja, ili kundi zima liende kwa mguu wake. Ni kilomita 8 hivi. Wengi hutumia saa tatu hadi nne, sisi twatumia zaidi na sioni aibu. Kipimo changu ni hiki: ukiwa watembea, soma Fatiha kwa sauti. Ukikatika pumzi katikati ya aya, unakimbia. Wasiosoma Fatiha waimbe chochote, hata taarabu.

Ulizeni.

Kiangazi_Likoni

Shukran dada. Lakini mimi nacheza mpira kila jioni, nakimbia ufukweni Shelly asubuhi. Kwa nini nitembee kama bibi harusi kilomita nane za njia tambarare? Si bora wenye nguvu watangulie, wafike mapema, wapumzike?

BintiKibokoni

Kwanza si tambarare, yapanda mita mia nane na zaidi, ila yapanda kwa upole ndio maana hutaihisi. Pili, ukifika mapema wapata nini? Wapagazi wako bado wapanga vitu, shati lako limelowa jasho, begi lenye sweta halijafika. Utakaa kwenye ubao ukitetemeka.

MgumuWaMarangu

Wakuu, habari za huko Mombasa. Nimeona uzi unahusu nyumbani kwetu, nikasema nichangie. Nilianza kama mpagazi, sasa ni kiongozi msaidizi.

Ndugu yangu wa Likoni, kwa heshima zote, watu wa aina yako ndio wanaotupa kazi. Mazoezi yanasaidia miguu na moyo, lakini ugonjwa wa mwinuko (ule unaompata mtu akipanda juu haraka) haujali kama wewe ni mchezaji au ni karani. Tena karani mara nyingi ana afadhali, kwa sababu anatembea taratibu asipende asipende. Mwenye nguvu anafika Mandara kifua mbele, siku ya pili anataka kufika Horombo wa kwanza, ambako ni mita 3,720, na jioni yake tunamkuta kajiinamia hataki chakula.

Watu hawajui kwamba siku ya kwanza sisi tunawasoma ninyi. Nani anakunywa maji na nani anayabeba tu. Nani alikuwa anaongea getini na sasa kanyamaza. Nani anaacha nusu ya chakula cha mchana pale Kisambioni. Nani anasema "niko sawa" haraka mno kabla swali halijaisha. Jioni tukiwaaga mkalale, sisi tunakaa na kuambiana: yule tumwangalie, yule begi lake dogo tumpunguzie kesho. Kwa hiyo kama una pumu, sukari, presha, au kuna dawa unakunywa, mwambie kiongozi getini, siyo kambi ya Kibo, ya mwisho kabla ya kilele. Hatukuzuii kupanda kwa sababu umesema. Tunapata shida na aliyeficha.

Jambo jingine. Mwanzoni pale wapagazi wana njia yao pembeni, lakini mbele mtakutana nao na wanaoshuka pia. Ukisikia mtu anakuja na mzigo kichwani, simama upande wa mlima, siyo ukingoni, mpishe. Na msalimie. Yule ndiye kabeba begi lako.

NesiTudor

Niongezee upande wa afya maana nimeona kwenye kundi la WhatsApp watu washaanza kugawiana dawa.

Watu wasema juu "oksijeni hakuna". Sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile, asilimia 21, Mombasa na Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hivyo kila pumzi yaingiza kidogo. Mandara wapata kama robo tatu ya unachopata Nyali, na kileleni ni nusu hivi. Mwili waweza kuzoea lakini wataka siku, na wala hauharakishwi kwa ubishi.

Dalili huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi. Kwa hiyo Mandara ndiyo mara ya kwanza wengi wenu mtalala penye uwezekano huo. Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa kukatika katika, hamu ya chakula kupungua, hayo ni ya kawaida, na ukimwambia kiongozi atakuangalia. Cha kuogopa ni kichwa kisichosikia dawa pamoja na kutapika, kuyumba kama mlevi, kuongea mambo yasiyoeleweka, au kukohoa na kukosa pumzi hata umekaa. Hapo ubongo au mapafu yaanza kujaa maji, na dawa yake ni kushuka, usiku huo huo, hakuna kungoja kuche. Usiku wa kwanza ni nadra, lakini mfundishane dalili mkiwa bado na akili zenu timamu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Diamox ni dawa nzuri kwa anayeihitaji, yasaidia mwili kuzoea mapema. Yatia mkojo mwingi na ganzi ya kuchomachoma vidoleni. Wenye mzio wa dawa za salfa wasiiguse bila daktari. Usiijaribu mara ya kwanza ukiwa mlimani. Nenda kwa daktari hapa hapa Mombasa, uijaribu nyumbani. Na dawa za usingizi hapana kabisa, zapunguza pumzi ukiwa umelala.

Kiangazi_Likoni

Nesi, na miraa je? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

NesiTudor

Mwambie rafiki yako miraa yaua njaa, yafukuza usingizi na yapiga moyo mbio. Mambo matatu hayo ndiyo kiongozi ayatazamayo jioni. Aiache Voi.

MamaWawili_Kisauni

Jamani nami ni wa Januari, ndio mara yangu ya kwanza, na sina umri wa kushindana na mtu. Nauliza maswali ya kina mama. Nivae nini siku hiyo, maana suruali sijazoea? Swala itakuwaje njiani? Na chakula, ni nani achinjaye huko?

BintiKibokoni

Mamangu karibu sana, haya ndiyo maswali niliyokuwa nayangoja.

Nguo: dera liache Marangu. Msituni kuna mizizi na ngazi za magogo, na njia huwa matope, dera litakuingia miguuni kisha lilowe hadi magoti. Shona suruali pana ya kitambaa chepesi cha kukauka haraka, juu yake kanzu fupi ya kufika magotini yenye mpasuo pembeni. Hijabu iwe ya kuvuta, isiyotaka pini. Pamba tupu isikuguse ngozi. Huku kwetu pamba ndiyo raha, lakini huko ikishika jasho haikauki, na jua likizama yakugeukia barafu mgongoni. Jinzi ni hivyo hivyo, nasema na vijana pia. Leso moja chukua, ina kazi elfu: mto, pazia, kufungia kichwa usiku.

Joto hupungua nyuzi sita na kitu kwa kila mita 1,000. Tuseme umeacha nyuzi 30 Kisauni, hesabu mwenyewe Mandara ni ngapi mchana, halafu ondoa tena za usiku.

Swala: sisi ni wasafiri, twapunguza na kukusanya. Twasali Adhuhuri na Alasiri pamoja getini kabla ya kuanza, ikiwa Adhuhuri imeshaingia, kwa sababu pale pana maji na nafasi. Magharibi na Isha twakusanya Mandara. Kibla ni kaskazini, kimeinama kidogo mashariki. Angalieni dira, msiuelekee mlima, kwani kilele cha Kibo kiko kaskazini magharibi ya Mandara na mtakuwa mmekosea. Udhu jioni mpishi huleta maji ya moto ya kunawa kwenye beseni. Aliyevaa khofu (soksi za ngozi) kwa masharti yake apaka juu, msafiri ana siku tatu na nyusiku zake.

Chakula: twapatana na wenye safari mapema, nyama twanunua Moshi kwa mchinjaji Muislamu, na mpishi twamwambia mwanzo, si tumeshaketi mezani. Siku ya kwanza mchana ni chakula cha kufungiwa getini: yai, mkate, ndizi, maji ya matunda. Mimi hubeba mahamri na viazi vya karai vilivyokauka vizuri. Ukifika Mandara utakuta chai na bisi, halafu supu, halafu chakula chenyewe. Kula hata kama hutaki.

MamaWawili_Kisauni

Mungu akubariki mwanangu. Na nitatembea mbele?

BintiKibokoni

Nyuma ya kiongozi, hakuna mwingine mbele yako.

BarobaroKongowea

Vifaa msikodi vyote Moshi, mwatupa pesa. Njooni Kongowea siku marobota yanapofunguliwa. Makoti ya baridi kali, sweta nzito, suruali za mvua, hata mifuko ya kulalia yapatikana, na watu wa hapa hawavitaki kwa sababu ya joto. Bei ni ya kupatana. Buti pia zipo, nzuri kabisa.

BintiKibokoni

Koti, sweta, kofia, glavu, nakubali mia kwa mia. Buti ya mtumba nakubali ikiwa utaivaa kuanzia leo. Nimeona soli ikibanduka yote msituni, gundi ilikuwa imekufa zamani. Mpagazi akaifunga kwa kamba, na mwenye buti akafika. Mfuko wa kulalia kodini Moshi, huwezi kujua wa mtumba umebakiza joto kiasi gani.

Na koti la mvua liwe begi dogo la mgongoni hata anga ikiwa safi. Upande huu wa kusini mlima hupata mvua nyingi, na msitu huwa na ukungu wake mwenyewe.

MzeeWaRabai

Wanangu nimesoma yote. Mwazungumza Kilimanjaro kana kwamba ni mlima wa mbali. Safari ya kwanza ya Mzungu kwenda huko iliyoandikwa vitabuni ilitoka huku kwetu. Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, alikuwa akikaa Rabai kwenye misheni pamoja na Krapf. Tarehe 27 Aprili 1848 alitoka na wachukuzi wanane na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri, wakapitia Taita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji. Alipoandika Ulaya, wasomi wa jiografia wakamcheka, wakasema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Bwana Kheri hakuna aliyemuuliza. Hans Meyer na Purtscheller walifika kileleni 1889, na hao nao waliongozwa na wenyeji, Lauwo wa Marangu atajwa sana. Ukifika getini tazama bamba la ukumbusho.

Na maji tunywayo Mombasa si yatoka huko huko mlimani?

FundiBomba

Mzee wangu, shikamoo. Hapo kidogo. Maji ya bomba la chemchemi za Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, ni ya mvua inayonyesha vilima vya Chyulu, yazama kwenye mawe ya volkano na kutokea Mzima. Watu wengi hudhani ni Kilimanjaro.

MzeeWaRabai

Marahaba. Basi nimepata jambo leo.

MgumuWaMarangu

Mzee, shikamoo. Bamba lipo.

Nirudi kwenye mada kidogo kuhusu ile hoja ya kundi kwenda pamoja. Dada Binti, mimi sikubaliani nawe moja kwa moja. Kama kundi ni la watu kumi na wanne na viongozi wapo wa kutosha, tunaweza kuligawa mara mbili, kila moja na kiongozi wake. Mwenye mwendo wa kati akilazimishwa kwenda na wa taratibu kabisa kwa saa tano, anapoa, anasimama simama, anachoka kwa kusimama. Tunafanya hivyo mara nyingi na halina shida.

BintiKibokoni

Kaka, kuanzia Horombo nakubali mgawe, nanyi ndio mwajua. Siku ya kwanza sitaki. Hawa watu hawajuani. Wengine wamekutana kwa simu tu. Mkigawanya getini, watakaotangulia watajiita wazima na waliobaki watajiita mzigo, na jina hilo watatembea nalo hadi Kibo. Mtu aliyejiita mzigo hasemi kichwa chamuuma. Aogopa kuwachelewesha wenzake.

MgumuWaMarangu

Hapo nimekuelewa. Bado naona inategemea watu. Tutaangaliana getini.

NesiTudor

Mimi niko na Binti kwa hilo la mwisho. Wanaoficha dalili wengi si wajeuri, ni wenye haya.

Kiangazi_Likoni

Sawa, nimekubali mwendo wa bibi harusi. Tukishafika Mandara twafanyaje? Saa kumi jioni mtu alale hadi asubuhi?

BintiKibokoni

Usilale! Kwanza badilisha nguo zote za ndani kabla ya kugusa chai, soksi pia. Kisha chai na bisi. Kisha, mvua ikiwa imenyamaza, kiongozi atawapeleka kreta ya Maundi (shimo la volkano ya zamani), ni karibu tu kwa miguu. Wapanda kidogo zaidi ya utakapolala, wakaa, washuka. Kukikunjuka waona upande wa Taveta na nchi yetu kule chini, na nyuma yako kilele cha Mawenzi. Anayesema amechoka mno kwenda Maundi, huyo ndiye NesiTudor amuulize maswali.

Njiani msisahau kutazama. Mbega wapo, wale weusi wenye mkia mweupe, na kima. Kuna ua dogo jekundu lenye njano, lafanana na pembe iliyopinda, laota msitu huu na haliko kwingine duniani. Kiongozi akilionyesha simameni. Hiyo pia ni njia ya kupumzika bila mtu kuomba.

Usiku jaza chupa yako ya bati maji ya moto, itie soksi, iweke miguuni, asubuhi ndiyo maji yako ya kunywa. Tochi ya kichwani iwe mkononi kabla ya kulala. Maji yote hayo mliyokunywa yatawaamsha, na vyoo haviko mlangoni.

MgumuWaMarangu

Ongeza: simu na betri vilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Baridi inamaliza chaji.

MamaWawili_Kisauni

Mazoezi twaanza lini?

BintiKibokoni

Jumapili, baada ya Alfajiri, Mama Ngina pale kwenye ngazi. Kila mtu na buti atakazopandia, na begi lenye kilo tano. Mwezi ujao twaenda Taita kwa Vuria, tulale Wundanyi ili mjue baridi ya mwanzo. Asiyekuja Vuria nitamrudishia pesa yake, mapema nasema.

Kiangazi_Likoni

Na kwenye mstari mimi wa ngapi?

BintiKibokoni

Nyuma ya mama wa Kisauni. Chukua na begi lake la maji.

MamaWawili_Kisauni

Kilo tano za mchele zafaa, au lazima iwe mchanga?

BarobaroKongowea

Mchele mama, ukichoka twapika.